Mkebe wa Sarafu za Fedha: Hali Yake, Thamani Yake, na Hila Zinazouzunguka

Mazungumzo ya Afisa wa Uhusiano wa Polisi mbele ya wananchi wa mpakani, Mutukula



Mmezoea kunisikia nikisema juu ya wizi wa mifugo, magendo, na vijana wanaoendesha pikipiki usiku bila taa. Leo sikuja na hayo. Nimekuja na sarafu tatu za kale mfukoni na mizani ndogo ya sonara, niliyoazimwa, kwa kuwa katika majalada ya kesi zetu sarafu za kale zimeanza kuonekana mara nyingi kupita kiasi. Kuna jalada la utapeli, jalada la wizi kutoka sandukuni mwa bibi kizee, na jalada moja la ndugu wawili waliotaka kukatana mapanga. Hilo la ndugu wawili ndilo nitakaloanza nalo, kwani wenyewe wameniruhusu nilisimulie, mradi nisiwataje.

Baba yao alifariki akaacha shamba la kahawa, ng'ombe wachache, na mkebe wa mafuta ya kupikia uliokuwa juu ya dari. Ndani ya mkebe mlikuwa na sarafu tisa. Mjane, mama yao, aliwaambia ni kumbukumbu ya babu yao aliyewahi kuwa mpagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hakuna aliyejali. Ndipo siku moja kijana mmoja sokoni akamwambia mdogo wao kwamba rupia moja ya Mjerumani hununuliwa kwa mamilioni ya shilingi. Mdogo akarudi nyumbani akaukuta mkebe haupo. Kaka mtu alikuwa ameuhamishia kwake ili mvua isiulowanishe, kama alivyodai. Kabla jua halijatua, kila mmoja alikuwa amemwita mwenziwe mwizi, na mama yao alikuwa anakuja kituoni mbio, kanga imemdondoka njiani.

Tuliwaita wote wawili, tukawaita na wazee wawili wa ukoo, tukaumwaga mkebe ule juu ya meza. Nitawaambia baadaye tulichokiona. Kwanza yafaa tujue sarafu hizi ni zipi, na kwa nini zimejaa katika sehemu zetu hizi kuliko nyingi nyingine za nchi.

Sote tumekaa juu ya mstari. Mpaka huu unafuata mstari wa nyuzi moja kusini mwa ikweta, uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 pasipo kumuuliza hata mmoja wa babu zetu. Mwaka huohuo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilianza kupiga rupia zake za fedha. Kusini ya mstari zikapita rupia za Wajerumani; kaskazini ikapita rupia ya India iliyoletwa na Waingereza. Baadaye zikaja sarafu za senti 50 na senti 25 za himaya za Afrika ya Mashariki na Uganda, zenye simba na milima. Wafanya biashara, kama ninyi leo, hawakuutambua mstari. Rupia ya Mjerumani ilikuwa na uzito uleule wa rupia ya India, gramu 11.66, na hilo lilifanywa makusudi ili ikubaliwe popote. Ndiyo maana katika mkebe mmoja mnaweza kukuta Kaisari wa Ujerumani amelala ubavuni mwa Malkia Victoria kwa amani ambayo wao wenyewe hawakuwaachia wajukuu wao.

Na kabla ya hao wote, pwani, kulikuwa na reale, ile sarafu kubwa yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Wazee wenye asili ya Kiarabu na Kisomali wanaijua vizuri. Baadhi ziliwafikia babu zetu kwa njia ya misafara. Na katika masoko ya magharibi, upande wa Kongo, hupatikana faranga za fedha za Mfalme Leopold wa Pili zilizopigwa tangu 1887, na faranga 50 ya mwaka 1944 yenye tembo.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi hupotea. Lugha yetu ya Kiswahili huita madini haya fedha, na huziita pesa zote fedha. Basi mtu akiambiwa hii ni sarafu ya fedha hudhani ni fedha tupu. Sivyo. Rupia ya Mjerumani na rupia ya India ni fedha karibu tupu: katika kila sehemu 1,000, sehemu 917 ni fedha. Reale ya Maria Theresa ina sehemu 833, nayo ina uzito wa gramu 28 na kidogo. Faranga tano ya Leopold ina gramu 25 na sehemu 900. Senti 50 ya Uganda na Afrika ya Mashariki ya kabla ya 1920 ina sehemu 800. Faranga 50 ya tembo ni nusu fedha, nusu madini mengine.

Lakini shilingi ya Afrika ya Mashariki, ile ya simba ambayo wazee wengi hapa walilipia kodi, ina robo tu ya fedha. Ina uzito wa gramu 7.78, na ndani yake fedha haifiki gramu mbili. Na shilingi hiyo ilikuwa ya fedha mpaka mwaka 1946 peke yake. Kuanzia 1948 ikawa shaba na nikeli, bila fedha hata chembe, ijapokuwa simba ni yuleyule na milima ni ileile. Alama ya kutofautisha iko upande wa mfalme. Shilingi za fedha za Mfalme George wa Sita zina herufi IND IMP, yaani mfalme aliyekuwa pia mtawala wa India. India ilipopata uhuru wake mwaka 1947, maneno hayo yaliondolewa, na fedha ikaondoka pamoja nayo. Mimi hupenda sana kuwaonyesha vijana jambo hili, kwa kuwa ni mara chache historia ya bara zima hukaa katika herufi sita.

Zile za shaba zenye tundu katikati, senti kumi, senti tano na senti moja, si fedha. Hazikuwahi kuwa fedha. Nimemkamata mtu aliyewahi kuziuza kwa bei ya fedha, na aliyenunua alikuwa mwalimu. Simcheki; utapeli haubagui elimu.

Nikiwa bado hapo, niseme na juu ya dhahabu ya Tabora, kwa sababu wapo wanaoulizia hata kwa kunong'ona. Ni kweli Wajerumani walipiga dhahabu Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, walipokuwa wamezingirwa na hawana mawasiliano na kwao. Sarafu hiyo ni ya rupia 15, ina tembo mbele ya mlima upande mmoja na tai upande wa pili. Zilipigwa takriban 16,000 tu. Karakana hiyohiyo ilipiga pia sarafu za heller 20 kwa shaba, nyingine nyekundu na nyingine ya manjano, zenye taji. Ile ya manjano ikisuguliwa humeremeta, na hapo ndipo tapeli hupata chakula chake. Hakuna tembo, hakuna dhahabu. Na hata akiwapo tembo, msitoe senti kabla haijapimwa na mtu msiyeletewa na muuzaji.

Mtu wa kwanza atawaambia rupia ya kweli huvuta punje za mchele. Atamwaga mchele juu ya sahani, atasogeza sarafu, na punje mbili tatu zitaruka kuifuata. Hakuna fedha duniani ivutayo mchele. Alichofanya ni kuupaka mchele ule unga wa chuma na kuficha sumaku katika kiganja au chini ya meza. Mtu wa pili atakuja kama mnunuzi kutoka mji mkuu au kutoka Ughaibuni, mwenye suti na mkoba. Atataja bei ya kutisha. Kisha, na hapa ndipo penye kisu, atasema yahitajika dawa ya kupimia, au cheti, au ada ya maabara, na ya kwamba mwenye sarafu ndiye alipaye kwanza. Mzee mmoja wa kata ya jirani aliuza ng'ombe wawili kulipia dawa hiyo. Mnunuzi hakurudi. Rupia yake tuliipima baadaye hapa kituoni, nayo ilikuwa ya bati lililopakwa rangi. Na iliandikwa mwaka 1920. Mjerumani hakupiga rupia yoyote ya fedha baada ya 1914. Mzee angalijua hilo moja tu, ng'ombe wake wangalikuwa zizini.

Basi tujifunze kupima wenyewe. Anzeni na sumaku, ile ndogo ya spika ya redio mbovu. Fedha haivutwi na sumaku. Sarafu ikirukia sumaku, mazungumzo yamekwisha. Isiporukia, haijathibitika bado, maana shaba, risasi na bati navyo havirukii.

Kisha uzito. Sonara yeyote mwaminifu ana mizani inayoonyesha sehemu za gramu. Rupia nzima iliyotumika sana inaweza kupungua kidogo, ikawa gramu 11.4 au 11.3. Ikija na gramu tisa, au ikija na gramu 13, kuna jambo. Shilingi ya fedha itakuwa saba na nusu hivi kama imechakaa. Reale itakuwa karibu na 28.

Tapeli hodari anaweza kuulinganisha uzito. Hawezi kwa urahisi kuulinganisha ujazo. Kwa hiyo hufuata kipimo cha maji, ambacho mimi nilifundishwa na sonara mzee na nimekitumia mara nyingi. Weka glasi yenye maji juu ya mizani, kisha irudishe mizani kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, iteremshe ndani ya maji mpaka izame yote, lakini isiguse chini wala pembeni. Mizani itaonyesha namba ndogo. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Rupia ya kweli, gramu 11.66, itaonyesha gramu 1.13 hivi, na ukigawanya utapata kitu cha kumi na robo au zaidi kidogo. Rupia ya shaba ya manjano yenye uzito uleule itaonyesha karibu gramu 1.4, na hesabu itatoka nane na nusu. Risasi itapita 11. Watoto wa shule ya sekondari hapa wanaweza kuifanya hesabu hii mbele ya babu zao, na napenda waifanye.

Kwa reale tazameni pia ukingo wake. Ukingo wa reale halisi una maneno ya Kilatini, nayo yameinuka juu ya madini, hayakuchimbwa ndani. Nyingi za bandia zina ukingo mtupu, au zina mstari wa kiungo unaozunguka kama wa kifuniko cha chungu, kwa sababu zilimiminwa katika kalibu na hazikupigwa kwa mashine. Jueni vilevile ya kwamba kila reale ya Maria Theresa imeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, lakini kwa zaidi ya miaka 200 zimeendelea kupigwa na tarehe ileile, Vienna, na hata London, Roma na Bombay. Kwa hiyo mtu akiwaambia reale yake ni ya 1780, hajadanganya, ameisoma tu. Umri wake wa kweli ni jambo jingine.

Nimekwisha kusema juu ya uhalisi. Sasa hali. Sarafu mbili za mwaka mmoja, kutoka kiwanda kimoja, zaweza kutofautiana bei mara kumi, na tofauti hiyo yote iko katika hali.

Mwenye kujua haanzi na kung'ara. Huanza na sehemu zilizoinuka, kwa kuwa hizo ndizo zinazoguswa kwanza na mfuko, meza, na vidole. Katika rupia ya Mjerumani tazameni masharubu ya Kaisari na yule tai aliye juu ya kofia yake ya chuma. Manyoya ya tai yakihesabika, sarafu haikutembea sana. Yakiwa yameungana kuwa donge moja laini, imetembea mikono mingi. Katika shilingi tazameni sikio na ndevu za Mfalme George wa Tano, kisha mgeuze simba mtazame uso na manyoya ya shingo yake. Katika reale ni nywele za malkia na kifua cha tai.

Sarafu ambayo haikutumika kabisa ina mng'ao unaozunguka unapoigeuza taratibu chini ya mwanga, kama mwanga unavyotembea juu ya hariri. Mng'ao huo hutokana na mgandamizo wa mashine siku ya kupigwa, na ukishaondoka haurudi. Hakuna fundi wa kuurudisha. Hiyo ni nadra sana katika vijiji vyetu. Inayofuata ni ile iliyotumika kidogo, yenye michoro yote na mng'ao uliobaki katika mashimo ya herufi. Kisha ni ile ya wengi wetu: herufi zote zasomeka, mwaka wasomeka, lakini sura imekuwa tambarare. Mwisho ni ile iliyolika, ambayo waijua ni ya mfalme kwa kuwa umeambiwa. Hiyo ya mwisho, isipokuwa ni ya aina adimu mno, huuzwa kwa uzito wa fedha iliyomo, basi.

Halafu kuna majeraha. Bibi zetu walitoboa sarafu wakazivaa shingoni. Wengine walizichomelea kikuku. Mimi naiona sarafu kama hiyo kuwa na historia tamu kuliko ile iliyolala bengi, na kama ni ya bibi yako sikushauri uiuze. Lakini mkusanyaji hatazami hivyo. Tundu huondoa sehemu kubwa ya thamani, na tundu lililozibwa kwa risasi huondoa zaidi, kwa sababu sasa kuna jeraha na kuna uongo. Mikwaruzo, meno ya koleo, ukingo uliokatwa, alama za kisu za mtu aliyetaka kujua kama ndani ni fedha: yote hayo hupunguza.

Na kubwa kuliko yote ni kusugua. Hapa nitajishitaki mwenyewe. Nilipokuwa konstebo mwenye miaka miwili kazini, kilikuja kielelezo cha kesi ya wizi, rupia moja ya mwaka 1891, nyeusi kama kitako cha sufuria. Nikaona aibu kumpelekea hakimu kitu kichafu. Nikachukua majivu na ndimu, nikaisugua jioni nzima mpaka Kaisari akawa anacheka. Asubuhi mkuu wangu aliitazama, akanitazama, asiseme neno kwa muda mrefu. Mlalamikaji alikuwa ameitambua sarafu yake kwa doa la buluu karibu na mwaka. Doa hilo nilikuwa nimelinywesha ndimu. Kesi ilinusurika kwa ushahidi mwingine, lakini mwenye sarafu alipoirudishiwa na kuipeleka kwa mnunuzi, alipewa bei ya uzito. Weusi ule haukuwa uchafu. Ulikuwa ni ngozi ambayo fedha hujivalisha kwa miaka mingi ya hewa na moshi, nao huilinda na kuithibitisha. Mnunuzi mjuzi akiona fedha ya miaka mia moja inang'aa kama kijiko kipya, hurudi nyuma.

Kwa hiyo msisugue. Si kwa majivu, si kwa mchanga, si kwa dawa ya meno, si kwa betri, si kwa tindikali ya sonara. Udongo mbichi uondoeni kwa maji safi na kitambaa laini bila kufikicha, kisha iacheni ikauke. Ishikeni ukingoni kwa vidole viwili, kwa sababu jasho huacha alama za kudumu. Msiitunze katika mfuko wa nailoni ulio karibu na meko wala pamoja na misumari. Bahasha ya karatasi kavu, kila sarafu na yake, yatosha.

Thamani sasa. Kila sarafu ya fedha ina bei mbili. Bei ya chini ni ya madini: uzito mara sehemu ya fedha mara bei ya fedha siku hiyo. Bei ya fedha duniani hutajwa kwa wakia ya gramu 31.1, na yeyote mwenye simu anaweza kuitazama. Rupia moja ina fedha karibu gramu 10.7, yaani theluthi moja ya wakia na kidogo. Reale ina gramu 23.4, robo tatu. Shilingi za fedha zatakiwa 16 ili zitimize wakia moja. Mtu asikuuzie wala asikununulie chini ya hesabu hiyo bila kukueleza sababu, ingawa sonara naye lazima ale, na kukata kiasi chake kwa kuyeyusha si wizi.

Bei ya juu ni ya mkusanyaji, na hiyo hutegemea mambo matatu: aina, mwaka, na hali. Rupia mbili za Mjerumani, ile sarafu kubwa, zilipigwa 1893 na 1894 tu, hivyo hutafutwa. Shilingi ya 1924 imezagaa kila mahali. Ya 1923 ni chache zaidi. Florini ya 1920 ilipita kama mvua ya kiangazi, kwa kuwa shilingi iliifuata mwaka uliofuata tu, na hivyo ukiikuta nzima iweke kando. Rial ya fedha ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, yenye mwaka 1299 wa Hijria, ni adimu kweli, na kwa sababu hiyohiyo za bandia ni nyingi. Lakini rupia ya kawaida ya kampuni ya Kijerumani, iliyochakaa kiasi, si utajiri. Ni fedha ya kununua chakula cha siku kadhaa, labda kulipia sare za shule. Uvumi wa mamilioni uko mdomoni mwa wale wanaotaka kukuuzia dawa ya kupimia.

Turudi mezani kwa wale ndugu wawili. Katika zile sarafu tisa, nne zilikuwa shilingi, zote za 1924, za kawaida kabisa. Moja ilikuwa ya senti kumi, ya shaba, yenye tundu. Moja ilikuwa rupia ya Malkia Victoria, imelika. Moja ilikuwa senti 50 ya mwaka 1911. Mbili zilikuwa rupia za Mjerumani. Tulipiga hesabu ya fedha yote iliyomo, mbele ya wazee, kwa kalamu, na jumla haikufika gramu 45, chini ya wakia moja na nusu. Kwa bei ya siku ile, mbuzi mmoja mnono alizidi mkebe wote. Zile rupia mbili za Mjerumani peke yake mkusanyaji angezilipia zaidi ya uzito wake, hasa moja iliyokuwa na tai mzuri. Lakini ya pili, kaka mtu alikuwa ameisugua kwa mchanga usiku ule ili aone kama ni ya kweli.

Kimya kilichofuata sitakisahau. Mdogo mtu aliinua ile shilingi moja akauliza babu yao alibeba mzigo wa siku ngapi kwa sarafu kama hii. Mzee wa ukoo akasema babu yenu hakulipwa shilingi vitani, shilingi zilikuja baadaye, alichotoka nacho vitani ni hizi rupia. Wakaanza kuulizana habari ambazo hawakuwahi kuuliza marehemu akiwa hai. Mapanga yao yalibaki kituoni siku nne kabla hawajayakumbuka.

Kwa upande wa sheria nitasema kwa ufupi. Urithi wa nyumbani ni wenu, mkiuza mkiweka ni hiari yenu. Mkiuza, andikianeni: jina, tarehe, aina ya sarafu na mwaka wake, uzito, bei, na shahidi, ikiwezekana mwenyekiti wa kijiji. Msinunue sarafu kwa mtoto wala kwa mtu asiyeweza kusema aliipata wapi. Kupokea mali ya wizi ni kosa. Kilichochimbuliwa ardhini, kwenye kaburi au mahame ya kale, si sawa na cha darini. Hicho kiripotiwe, nasi tutaishirikisha Makumbusho ya Uganda kule Kampala, kwa kuwa mahali kilipolala mara nyingi ni muhimu kuliko kitu chenyewe. Na mkivuka nazo mpaka, semeni kwenye kituo cha pamoja cha forodha. Sarafu iliyotajwa haina shida. Iliyofichwa katika soksi huamsha maswali.

Na yule aliyekwisha kulipia dawa ya kupimia, asione haya. Aje. Namba ya simu aliyopigiwa, jina alilopewa, nambari ya gari, hata rangi ya mkoba, vyote hutusaidia. Wengi hunyamaza kwa aibu, na ukimya huo ndio unaompa tapeli nauli ya kwenda kijiji cha pili.

Nimesema vya kutosha, nanyi mmevumilia jua. Sasa nitazipitisha sarafu hizi, kuanzia kwa wazee hapa mbele hadi kwa wanafunzi kule nyuma. Ya kwanza ni rupia ya 1891, ndiyo ileile niliyoisugua. Mwenyewe aliniuzia kwa bei ya uzito, nami nimeitunza ili inikumbushe. Ya pili ni shilingi ya 1946, ya tatu ni shilingi ya 1948. Mtafuteni mwenyewe tofauti kabla ya kumwuliza jirani. Zishikeni ukingoni, tafadhali. Zimetoka hapa tatu, naomba zirudi tatu.